Usiku wa Fundi wa Mnara Umeshushwa Bei

"Mtu umelala kwako, kitandani kwako, na mkeo ubavuni. Kampuni ikulipe kwa lipi?"

Maneno hayo aliyasema meneja wetu kikaoni, mbele ya mafundi wote wa kanda, na mpaka leo yamenikaa kooni. Alikuwa anatueleza kwa nini posho ya standibai, yaani ya kukaa tayari kusubiri kuitwa kazini, imeshuka kutoka shilingi 10,000 kwa usiku hadi 4,000. Wenzangu wengine walitazama chini. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilijua nikifungua mdomo siku ile ningeongea kwa hasira. Sasa nina nafasi ya kujibu, na nitajibu kwa kirefu.

Mimi ni fundi wa minara ya simu. Nakaa Uyole, na eneo langu linaanzia Mbeya mjini, linashuka Rungwe na kupanda mpaka sehemu ya Makete. Jina la kampuni ninayofanyia kazi naliacha, maana nijuavyo mimi mambo haya hayako kwetu tu. Mabadiliko yalikuja kwa tangazo kwenye kundi la WhatsApp, siku ya Ijumaa jioni, na yalikuwa ya aina tatu kwa mpigo. Posho ya kusubiri ikashuka kama nilivyosema. Muda wa safari ya kwenda saiti, yaani palipo na mnara, na kurudi ukafutwa kwenye hesabu ya malipo, ikabaki saa za pale pale kwenye mnara. Halafu mwenzetu mmoja aliyeacha kazi hakupewa mrithi, kwa hiyo ratiba iliyokuwa ya watu watatu kupokezana wiki ikawa ya wawili. Hilo la tatu halikuandikwa popote. Tuliliona tu kwenye ratiba ya mwezi uliofuata.

Anayetumia simu kila siku hana sababu ya kujua mnara unaishije, ila bila kulieleza hilo malalamiko yetu yataonekana madogo. Kuanzia mwaka 2010 na kuendelea, mitandao ya simu hapa nchini ilianza kuuza minara yake kwa kampuni za minara. Kampuni za minara nazo hutoa kazi ya matengenezo kwa wakandarasi, na mkandarasi ndiye anayeajiri mtu kama mimi. Kila ngazi inamkaba iliyo chini yake kwa mkataba: saiti ikizima, iwashwe ndani ya saa kadhaa, la sivyo kuna kukatwa fedha. Nikipigiwa simu usiku, mkataba huo wote unakuwa umeniangukia mimi, niliye ngazi ya mwisho kabisa.

Na saiti si zote sawa. Nyingi za vijijini hupokea mawasiliano kutoka mnara mwingine kwa njia ya hewani, mnara hadi mnara, kilima hadi kilima. Sisi huiita ile inayolisha wenzake saiti mama. Saiti mama ikizima mlimani, vijiji vinakwenda gizani kimoja baada ya kingine, hata vile ambavyo minara yake ina umeme na haina kasoro yoyote. Siku hizi kuzima huko si suala la kukosa kupiga soga tu. Fedha za watu ziko kwenye simu. Mama mjamzito akizidiwa usiku, nauli ya gari inatumwa kwa simu, na dereva mwenyewe anatafutwa kwa simu.

Sasa nimjibu meneja kuhusu hicho kitanda.

Wiki ya standibai inaanza Jumatatu saa kumi na moja jioni, tukitoka kazini. Kuanzia hapo simu haizimwi, haiwekwi kimya, na haiachwi chumba kingine. Ikiita, natakiwa niwe barabarani ndani ya nusu saa, nimevaa, pikapu ina mafuta, boksi la vifaa liko nyuma. Sharti hilo pekee limeshanichorea mpaka. Siwezi kwenda Tukuyu kusalimia wazazi, ingawa ni karibu. Kyela kwenye mpunga ndiyo kabisa. Bia sigusi, na hilo silalamiki, maana mtu anayepanda mnara usiku hapaswi kuwa amekunywa. Kuchukua kibarua kingine cha jioni haiwezekani, wakati mshahara wetu unajulikana ulivyo.

Linaloniuma kuliko yote ni misiba. Asiyeishi huku kwetu anaweza kuona ni jambo la kawaida tu, lakini kwa Wanyakyusa kutokulala msibani kwa ndugu wa karibu ni jambo ambalo watu hulikumbuka miaka mingi. Baba yangu mdogo alipofariki nilikuwa zamu. Nilimwomba mwenzangu tubadilishane, naye alikuwa Mbarali kwa ruhusa. Nikaenda asubuhi, nikazika, na jua lilipoanza kushuka nikaaga. Shangazi yangu mkubwa alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, na wewe unaondoka? Nani atalala na wenzio hapa nje?" Nilimweleza habari ya simu na nusu saa. Aliniachia mkono bila kusema kitu. Usiku ule simu haikuita hata mara moja. Kwa hesabu ya meneja, usiku ule sikufanya kazi.

Na kitanda chenyewe. Mtu anayesubiri kuitwa halali kama mtu asiyesubiri. Mama watoto ndiye shahidi wangu. Anasema wiki ya zamu ninageuka kila pikipiki inapopita, na meseji ya tangazo la bando ikiingia saa tisa usiku nimeshakaa kabla mwanga wa simu haujazima. Yeye naye hapati usingizi, na hakuna anayemlipa. Mtoto wetu mdogo amezoea kuuliza jioni, "Baba, leo una simu?" Akijibiwa ndiyo, hasumbui kuomba nimsimulie hadithi, anajua naweza kuinuka katikati.

Ipo hoja moja ya uongozi ambayo nimeifikiria kwa haki, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wanasema simu za usiku zimepungua, na ni kweli zimepungua. Saiti nyingi zimewekewa sola na betri za lithiamu, ambazo hazichoki haraka kama zile za zamani za risasi na asidi. Kituo cha ufuatiliaji kilichoko Dar kinaona kengele za hatari mapema na kinaweza kuwasha jenereta kikiwa huko huko. Yale mambo ya kuamshwa kila siku ya pili kwa sababu ya betri yamebaki historia katika saiti nyingi. Kwa hiyo, wanasema, kama mafundi wanaitwa mara chache, posho nayo iwe ndogo.

Hapo ndipo ninapokataa. Kuitwa kwenyewe tayari kuna malipo yake, na kama tunaitwa mara chache, malipo hayo yameshapungua yenyewe. Posho ya kusubiri ni ya kitu kingine. Kampuni inamwambia mteja wake kwamba saa yoyote ya usiku kuna fundi yuko tayari Mbeya, na inalipwa kwa ahadi hiyo. Mteja hakatwi bei ya ahadi kwa sababu usiku fulani umepita salama. Anachonunua ni uhakika, na uhakika huo ni mimi, niliyebaki Uyole badala ya kulala msibani kwa baba yangu mdogo. Usiku wangu wameuchukua wote, kuanzia giza hadi mapambazuko, iwe simu imeita au haikuita. Sola haikunipunguzia hata dakika moja ya huo usiku. Tena kwa kuondoa mtu mmoja kwenye ratiba, wamechukua usiku mwingi zaidi kwa bei ya chini zaidi.

Nieleze usiku mmoja wa Julai, wenye simu.

Anayeifahamu Mbeya anajua Julai ilivyo. Simu iliita saa sita usiku, taarifa ya hitilafu ya saiti moja upande wa Matamba, huko Makete: umeme umekatika, jenereta imeshindwa kuwaka, betri zimeisha tangu jioni. Kutoka Uyole unashika barabara kuu ya Tanzania na Zambia, unapita Mlima Nyoka na Inyala katikati ya malori yanayokwenda na kutoka Tunduma. Mteremko wa Inyala umeshaua watu wengi mno, na anayeupita usiku akiwa na usingizi anacheza na roho yake. Unafika Igurusi, kisha Chimala, halafu unaiacha lami na kuanza kuupanda ukuta wa milima kwa ile barabara ambayo kila mtu huku anaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine unaona taa za Usangu ziko chini kabisa. Sikukutana na gari lingine njia nzima ya kupanda.

Nilifika saa tisa kasoro robo. Mlinzi, mzee mwenye koti la mvua juu ya koti la sufu, alikuwa amekwisha fungua geti. "Shikamoo mzee." "Marahaba fundi, pole na baridi." Jenereta ilikuwa inazunguka vizuri ukiistua, inakohoa mara mbili, inakufa. Betri ya kuwashia nzima, dizeli ipo. Nikajua hewa imeingia kwenye njia ya mafuta. Nikalegeza boliti ya juu ya filta kwa spana namba 14, nikaanza kubonyeza pampu ya mkono. Dizeli inatoka na mapovu. Unabonyeza tena, mapovu. Glavu nimevua kwa sababu ukivaa huwezi kuhisi boliti, na baada ya muda bila glavu nako sikuhisi kitu. Nilikuwa naangalia vidole vyangu kwa tochi kujua kama bado vimeishika spana. Mzee ndiye aliyeshika tochi. Dizeli ilipotoka safi bila povu nikakaza, nikaistua, ikawaka, ikatulia. Ndani ya kontena feni zikaanza kuvuma na taa za mitambo zikageuka kijani moja moja.

Kabla sijafunga boksi, simu ya mzee ilianza kulia meseji mfululizo. Akaniomba nimsomee, maana miwani aliiacha nyumbani. Mtoto wake alimtumia fedha tangu jioni, za kumpeleka mama yao hospitali Chimala asubuhi. Mzee alikuwa amekaa usiku kucha akidhani mtoto amesahau.

Kwenye fomu niliandika kufika saa tisa kasoro robo, kuondoka saa kumi kasoro robo. Saa moja. Nilirudi nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili nilitakiwa ofisini kwa kazi za mchana kama kawaida.

Tufanye hesabu, bila kutumia mshahara wangu. Chukua fundi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 585,000 kwa mwezi. Kwa wiki ya saa 45, mwezi una takriban saa 195, kwa hiyo saa yake moja ni shilingi 3,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema ovataimu isilipwe chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi: hiyo ni 4,500. Inasema pia kwamba kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, inaongezewa asilimia 5 kwa kila saa, na kama ni ovataimu asilimia hizo zinapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Tunafika 4,725. Kuanzia simu ilipoita mpaka kufika nyumbani ni saa sita, sawa na 28,350. Kwa utaratibu mpya fundi huyo atapata saa moja ya mnarani, 4,725, pamoja na 4,000 za kusubiri. Jumla 8,725. Kona zote za Hamsini na Saba, kupanda na kushuka usiku wa manane kwa gari la kampuni na kwa kazi ya kampuni, zimehesabiwa kuwa matembezi yake binafsi.

Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na inaweka kikomo cha saa 50 za ovataimu katika kila wiki nne. Ukifuta safari kwenye karatasi, mambo yote mawili yanaonekana yametimizwa. Kwenye karatasi fundi amefanya kazi saa moja tu usiku, kwa nini asifike ofisini saa mbili? Hili linanitisha kuliko fedha. Mtu aliyekesha akiendesha gari mlimani anapewa mkanda wa usalama asubuhi na kuambiwa apande mnara.

Kuhusu saa za kusubiri zenyewe, nimezisoma sehemu za sheria zinazohusu saa za kazi na hazimtaji mtu aliye nyumbani akisubiri simu. Uongozi umeegemea hapo. Lakini mambo hayo yameshabishaniwa kwingine. Mwaka 2000 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililotoka Hispania, ilisema daktari anayetakiwa kuwapo kituoni akisubiri wagonjwa yuko kazini muda wote huo, hata kama hakuna mgonjwa aliyekuja. Mwaka 2018 ikaenda mbele zaidi. Zimamoto mmoja wa mji wa Nivelles, Ubelgiji, alikuwa akisubiri nyumbani kwake na kutakiwa kufika kituoni ndani ya dakika 8 akiitwa. Mahakama ikasema muda huo ni wa kazi, kwa kuwa masharti yake yalimbana kiasi cha kumnyima uhuru wa kufanya mambo yake. Kiasi cha kulipwa haikukipanga. Hilo iliwaachia sheria za nchi. Najua pia kwamba nusu saa yangu si dakika 8, na hukumu ya Ulaya haimfungi mwajiri wa Mbeya. Ninachokichukua pale ni namna ya kuuliza swali. Waliuliza mtu amebanwa kiasi gani, na hawakuishia kuuliza amelala wapi.

Nimeongea na muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya hapa mjini, jirani yangu. Naye husubiri kuitwa, na malipo yake ya kuitwa huchelewa hadi anasahau ni ya mwezi upi. Nina rafiki Mufindi, fundi umeme, ambaye upepo ukivuma kwenye misitu ya misonobari anajua kabisa usiku huo mti utalala juu ya waya. Kila mmoja wetu ana kauli ileile aliyowahi kuambiwa na bosi wake, kwamba alikuwa amelala. Mtaani watu wanapenda taa iwake, maji yatoke, simu ishike. Sidhani kama wanajua ni wangapi wako macho kwa ajili hiyo, ila nadhani wakijua watakuwa upande wetu.

Baadhi ya wenzangu wanaogopa, nami siwalaumu. Kila mwaka vijana wanamaliza VETA na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga, na meneja hachoki kutukumbusha kwamba bahasha za maombi zimejaa mezani kwake. Kijana mmoja kwenye timu yetu aliniambia, "Kaka, elfu nne ni bora kuliko kukaa kijiweni." Nilimwelewa. Ana mtoto wa miezi michache na kodi ya chumba Mwanjelwa. Nilichomwambia ni kwamba shilingi 10,000 zile hazikushuka kutoka mbinguni, waliotutangulia walikaa mezani kuzipata, na zikishuka kimya kimya hadi 4,000 hakuna kitakachozizuia kufika sifuri.

Sheria inataka masharti ya ajira yaliyoandikwa yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe na kumjulisha kwa maandishi. Tangazo la WhatsApp Ijumaa jioni, bila kikao kabla yake, si mashauriano. Kikao ambacho meneja aliongelea kitanda chetu kilifuata baadaye, wakati mabadiliko yameshaanza. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza kwenye barua yetu. Ya pili ni safari: saa za njiani zirudi kwenye hesabu, pamoja na zile ambazo tumeshanyimwa. Posho ya kusubiri irudi 10,000 mpaka pande mbili zikubaliane vinginevyo. Aliyetoka saiti alfajiri asionekane ofisini mpaka amepumzika saa zake. Na nafasi ya mwenzetu aliyeondoka ijazwe, maana hata wakirudisha fedha zote, watu wawili hawawezi kugawana usiku wa mwaka mzima.

Barua imesainiwa na mafundi walio wengi wa kanda, akiwemo yule kijana wa Mwanjelwa. Nakala tumeipeleka kwa chama cha wafanyakazi, na ofisa wao ametuambia tuanze kutunza kila kitu: picha ya tangazo, muda wa kila simu, muda wa kutoka nyumbani na kurudi, hata kama kampuni haitaki kuuona. Mgogoro wa aina hii unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, na siku zetu zinakwenda. Kikao na uongozi kimepangwa wiki ijayo. Kisipozaa kitu, fomu ya Tume tumeshaichukua, na sehemu ya majina imeshajazwa.